Barua ya wazi kwa Wizara ya Kilimo: mbolea imefika Makete, sasa tuutazame udongo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Na Halmashauri ya Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Makete. Baridi ya mwezi wa saba imekaza, asubuhi umande unaganda juu ya majani, na ngano imeanza kugeuka rangi shambani. Wiki chache zijazo tutashika mundu, tutapura na kupepeta. Nimeona nizitumie siku hizi za kusubiri kuwaandikia.

Mbele yangu kuna daftari la shamba langu la ngano, ekari mbili zilizoko kwenye mteremko unaotazama Kitulo. Nimeandika humo kila msimu tangu baba aliponiachia shamba: siku niliyopanda, mbolea niliyotia, mvua ilivyokwenda, na magunia niliyopata. Ukurasa wa kwanza unasema magunia manane kwa ekari. Ukurasa wa mwaka jana unasema magunia manne na debe mbili. Katikati ya kurasa hizo mbili mbegu imekuwa bora, palizi inafanyika kwa wakati, na mbolea imeongezeka. Baba hakuwahi maishani mwake kutia mfuko mzima wa DAP, mbolea ya kupandia, kwenye ekari moja ya ngano. Mimi natia, tena na Urea ya kukuzia juu yake. Yeye alivuna manane, mimi navuna manne.

Nianze kwa kushukuru, na nashukuru kwa dhati. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei duniani, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita shilingi laki moja, na wengi wetu tulishakubali kwamba msimu ule tungepanda bila kitu. Serikali ikaleta ruzuku. Tukaandikishwa kijijini, tukapata namba, tukaenda dukani tukachukua mfuko kwa bei iliyoshushwa. Mtu aliyewahi kulima akiwa hana mbolea, akaona mahindi yake yanatoka ya njano na kubaki hivyo mpaka mwisho, hawezi kuisahau neema hiyo. Sisemi ruzuku iondolewe. Atakayesoma barua hii akasema napinga ruzuku atakuwa amenisingizia.

Ninachosema ni kwamba ruzuku inahesabu mifuko iliyotoka dukani na mkulima aliyeichukua, lakini udongo ulioipokea haujulikani kwa yeyote. Nao udongo ndio unaoamua kama mbolea hiyo itakuwa chakula cha ngano au itazikwa tu.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Mfuko mmoja wa DAP una virutubisho viwili: naitrojeni kilo 9 na fosfati kilo 23. Mfuko mmoja wa Urea una naitrojeni kilo 23, basi, hakuna kingine. Mkulima wa huku akijikakamua anatia mfuko mmoja mmoja kwa ekari, DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia. Sasa kinachotoka, hata tukivuna kama baba: magunia manane ya ngano, yaani kilo 800, yanaondoka shambani na naitrojeni kilo 16 hadi 18, fosfati kama kilo 7, na potasiamu kilo 3 au 4 hivi. Ukiitazama hesabu hiyo haraka utasema tumefanikiwa. Fosfati tumetia mara tatu ya ile iliyotoka, naitrojeni karibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo ngano yangu ilipaswa kunifika kifuani.

Kumbe fosfati ipo shambani na ngano haiipati. Nilichukua muda mrefu kulielewa hilo, kwa hiyo naomba nilieleze polepole, kwa sababu kati ya watakaosoma barua hii wapo wakulima wenzangu.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa pH. Saba ni katikati, na namba ikishuka udongo unazidi kuwa mchachu. Ikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini yaliyokuwa yamelala ndani ya udongo yanaanza kuyeyuka kwenye maji yake. Alumini hiyo inaunguza ncha za mizizi ya ngano. Ng'oa mche uone: mizizi mifupi, minene, haina vinyweleo, haijaenda chini hata shubiri moja. Mche wa namna hiyo mvua ikikatika wiki mbili tu unanyauka, na huku kwetu ngano tunaipanda mvua zinapoelekea ukingoni, kwa hiyo inategemea sana maji yaliyobaki chini. Papo hapo alumini hiyohiyo, pamoja na chuma, inaikamata fosfati na kuifunga. Mkulima ameitia, ameilipia, Serikali imechangia, nayo imefungwa sentimita mbili kutoka kwenye mzizi usioweza kuifikia.

Sehemu ya uchachu huu tumezaliwa tukaukuta. Mvua nyingi za nyanda hizi zimekuwa zikiosha kalsiamu na magnesiamu kwa karne nyingi, na udongo wa upande wa Kitulo una asili ya majivu ya volkano ambayo kwa tabia yake hukamata fosfati. Sehemu nyingine tumeitia wenyewe, na tumeitia kwa mfuko. Naitrojeni ya Urea, ya DAP, na hasa ya SA (mbolea ya salfeti ya amonia), ikigeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, yaani naitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, huacha tindikali nyuma yake. Wataalamu wa udongo wamelipima jambo hili siku nyingi. Kilo 100 za SA zinahitaji kama kilo 110 za chokaa ili kuituliza tindikali yake. Kilo 100 za Urea zinahitaji kama kilo 80, na za DAP kama kilo 70. Maana yake ni kwamba mkulima anayetia mfuko mmoja wa Urea na mmoja wa DAP kwa ekari anadaiwa na shamba lake kilo 75 za chokaa kila msimu, si ili udongo uwe bora, bali usiharibike zaidi ya ulivyo. Kwa misimu kumi ni kilo 750. Mimi katika misimu yote iliyomo kwenye daftari langu sikuwahi kutia hata kilo moja, na dukani tunakochukulia mbolea sijawahi kuuona mfuko wa chokaa. Baba naye alitumia SA miaka ya 1980, kwa vijiko, pale alipoipata. Deni hili lilianza kabla yangu.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisitumie CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, ambayo ndani yake ina chokaa na haichachushi udongo kiasi hicho. Ni kweli. Lakini mfuko wa CAN una naitrojeni kilo 13 tu, na mtu mwenye fedha ya mfuko mmoja akipiga hesabu anachukua Urea yenye kilo 23. Hata mimi nachukua Urea. Bei ya ruzuku ingepangwa kwa kuangalia mbolea inaufanyia nini udongo wa mahali, pengine ningechukua nyingine.

Miaka mitatu iliyopita niliamua kupima. Nilichimba sehemu kumi na tano za shamba, sentimita 20 kwenda chini, nikachanganya udongo kwenye ndoo safi, nikaukausha kivulini, nikafunga nusu kilo na kuituma maabara kwa basi. Maabara yenyewe siitaji, na kuitaja hakuna faida. Majibu yalirudi baada ya miezi minne, ngano ikiwa imeshatoa masuke. Ilikuwa karatasi moja yenye pH 4.7 na mstari wa tarakimu na vifupisho vya Kiingereza. Hakuna aliyeandika chini yake: tia chokaa kiasi hiki, punguza hiki, ongeza kile. Mimi nilisoma cheti cha kilimo ujanani, nikajikongoja mpaka nikaelewa. Jirani yangu tuliyetuma pamoja aliikunja karatasi yake akaiweka ndani ya Biblia, na humo imo mpaka leo. Ni mama mjane mwenye ekari moja na nusu. Alilipia kipimo hicho kwa fedha ya kuku wawili. Kila nikimkumbuka moyo unaniuma, maana mimi ndiye niliyemshawishi.

Mwaka uleule wa ruzuku, 2022, Serikali iliwapa maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Lilikuwa jambo kubwa, na nalisifu. Kifaa cha mkononi hakiwezi kutoa kila jibu la maabara, lakini pH kinaitoa hapohapo, na kwa ngano ya Makete pH peke yake ni nusu ya habari yote. Afisa ugani akizunguka kijiji kizima kabla ya msimu, akaandika pH ya kila shamba kwenye mfumo uleule uliotuandikisha kwa ajili ya mbolea, ndani ya misimu miwili nchi itakuwa na picha ya udongo wake ambayo haijawahi kuwa nayo. Namba yangu mnayo. Simu yangu mnayo. Ukubwa wa shamba langu mnao. Ongezeni mstari mmoja tu. Kisha ujumbe unaonijia kwenye simu useme: shamba lako ni chachu, anza na chokaa, mfuko wa pili wa DAP subiri.

Chokaa yenyewe haiko mbali. Songwe, magharibi kidogo ya Mbeya, mawe ya chokaa yapo tele. Kiwanda cha saruji kilijengwa pale kwa sababu yake. Kinachotushinda ni uzito. Mbolea mtu anabeba mfuko mmoja mabegani, chokaa inahitajika nusu tani, tani nzima, wakati mwingine zaidi ya hapo, na nauli yake kupandisha milima hii inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya chokaa yenyewe. Lakini kila msimu wa viazi malori yanapanda Makete kuja kupakia viazi na mbao, na mengi yanapanda matupu. Hapo ndipo ningeomba fedha kidogo ya ruzuku ielekezwe: kwenye nauli ya lori linalopanda. Mwenye lori atapata mzigo wa kuja nao, mkulima atapata chokaa kwa bei anayoimudu, na Halmashauri itakuwa na kazi ya kutafuta eneo la kuimwaga na mtu wa kuisimamia.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu najua jinsi jambo jema linavyoweza kuharibiwa kwa pupa. Chokaa isigawiwe kama pipi. Ikizidi, zinki na manganizi zinafungwa na mmea unapauka kwa njaa nyingine. Huku kwetu ngano hufuata viazi kwenye shamba lilelile, na chokaa nyingi huleta ukurutu kwenye ngozi ya viazi. Kiazi chenye ukurutu mnunuzi anakiacha chini. Kwa hiyo iwekwe kwa kipimo, ichanganywe vizuri na udongo, na iwekwe mapema kabla ya ngano, maana mawe ya chokaa yaliyosagwa hayafanyi kazi kwa wiki moja.

Hilo la viazi nalo mlizingatie kwa upana wake. Miongozo mingi ya mbolea inaandikwa kana kwamba ngano inaishi peke yake. Ngano ya Makete hula mabaki ya viazi. Bei ya viazi ikiwa nzuri, mkulima anavimwagia NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosfati na potasiamu) na samadi, na ngano inayofuata inakuta fosfati na potasiamu iliyobaki, inasimama vizuri hata kama haikutiwa mbolea ya kupandia. Bei ya viazi ikianguka, hakuna anayeweka chochote, na ngano ya mwaka unaofuata inapungua bila mtu kujua sababu. Nimeliona hili kwenye daftari langu mara tatu. Tunawahitaji watafiti wa TARI Uyole, kituo chao cha Mbeya, watupe mwongozo wa mbolea wa mzunguko mzima, viazi na ngano pamoja, uliopimwa kwenye mashamba ya wakulima wa Makete.

Sasa mabua. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa lawama ni yetu wakulima zaidi kuliko yenu, nami sitaki kuandika barua ya kunyoosha kidole upande mmoja tu.

Katika ile hesabu ya juu nilisema magunia manane ya ngano huondoka na potasiamu kilo 3 au 4. Hiyo ni punje tu. Potasiamu nyingi ya ngano haiko kwenye punje, iko kwenye mabua. Mabua ya ekari moja, tani moja hivi, yanaweza kuwa na potasiamu kilo 10 au zaidi. Ng'ombe wakiyala kwenye zizi lililo mbali na shamba na samadi yake isirudi, yameondoka. Yakiuzwa, yameondoka. Na tukiyachoma, kama tulivyozoea kufanya mwezi wa tisa na wa kumi ili kupata wepesi wa kulima, naitrojeni na salfa zinapaa na moshi, na potasiamu inabaki kwenye majivu ikisubiri mvua ya kwanza. Kwenye tambarare majivu hayo yangeingia ardhini. Kwenye miteremko yetu yanashuka na maji mpaka mtoni. DAP haina potasiamu. Urea haina potasiamu. Kwa hiyo hesabu ya potasiamu kwenye shamba la ngano la Makete ni ya kutoa tu, mwaka hata mwaka, labda viazi vije na NPK yao, navyo viazi vyenyewe ni walaji wakubwa wa potasiamu kupita ngano.

Niliacha kuchoma misimu mitano iliyopita. Mwaka wa kwanza nilijuta, kwa sababu niliyafukia mabua mabichi na kupanda juu yake mapema, na mimea ikatoka ya njano. Baadaye nikaelewa: vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni, na vikiwa na njaa vinaichukua ile ya mmea. Siku hizi nayatandaza juu ya udongo mara baada ya kupura, yanakaa yakilainika, na viazi ndivyo vinavyoyakuta. Udongo wa sehemu hiyo leo unashika maji kwa namna ambayo hata mtoto anaiona akiufinyanga. Afisa ugani mmoja akisimama kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa nane akaeleza jambo hili kwa Kiswahili chepesi, ataokoa potasiamu nyingi bila Serikali kutoa senti ya ruzuku.

Kuhusu salfa nitasema kwa ufupi. Zamani SA ilituletea salfa bila sisi kujua, pamoja na uchachu wake. Tulipohamia Urea na DAP, salfa ikakatika. Salfa na naitrojeni ndizo zinazojenga zile protini zinazofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Nchi yetu inahitaji karibu tani milioni moja za ngano kwa mwaka na inalima sehemu ndogo tu ya hizo. Nyingine zinakuja kwa meli. Wenye vinu wanapotuambia unga wetu hauumuki vizuri, sehemu ya jibu inaweza kuwa aina ya mbegu, lakini sehemu nyingine iko kwenye mfuko wa mbolea, nako hakuna aliyekwenda kutazama.

Kuna na jambo la wakati. Mbolea ya ruzuku huku kwetu inakuja kwa kalenda ya mahindi. Mwezi wa pili na wa tatu, tunapopanda ngano, nimewahi kukuta duka limebaki na aina moja tu, na nimewahi kukuta hakuna kabisa. Mkulima aliyebanwa hivyo anafanya nini? Anachukua Urea yote anayoipata na kuimwaga siku moja. Jirani mwingine alitia mifuko miwili ya Urea kwa mkupuo kwenye ekari moja, ngano ikapanda kwa kasi, ikawa kijani cha kupendeza, watu wakasimama barabarani kuitazama. Upepo mmoja ukailaza yote. Naitrojeni ya ngano inatakiwa igawanywe, kidogo wakati wa kupanda na nyingi mmea unapomaliza kuzaa machipukizi na kuanza kunyanyua shina, kwa sababu naitreti haikai pamoja na mvua. Inashuka chini kuliko mizizi au inakimbia na mteremko. Fosfati haina mwendo huo, inakaa pale ulipoiweka, kwa hiyo iwekwe karibu na mbegu tangu siku ya kwanza. Haya yanajulikana. Lakini hayawezekani bila mbolea kuwepo dukani kwa tarehe ya ngano.

Mbele ya wataalamu wa TARI naomba niseme na hili, nao wanalijua kuliko mimi. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba liitwalo Broadbalk lililopandwa ngano na kupimwa tangu mwaka 1843. Sehemu moja haijatiwa mbolea yoyote miaka yote hiyo, nyingine inatiwa samadi kila mwaka, nyingine naitrojeni, nyingine naitrojeni na fosfati na potasiamu pamoja. Mambo mawili ya shamba hilo yamenikaa kichwani. La kwanza, pale walipokatiza fosfati au potasiamu na kuendelea kutia naitrojeni, naitrojeni ile haikuweza kufanya kazi yake. Ngano ilikwama kwenye kile kilichopungua. La pili, wanatia chokaa. Pamoja na utajiri wao na mbolea zao zote, wanaangalia pH, na ikishuka wanatia chokaa, kwa sababu bila hivyo uchachu ungeliharibu jaribio. Nasi tunahitaji shamba letu la namna hiyo, dogo tu, kwenye mwinuko wa Makete, lenye ngano na viazi, litakalopimwa mwaka hata mwaka na kubaki hata mradi wa wafadhili ukiisha. Kitakachojulikana hapo baada ya miaka ishirini hakuna mgeni atakayeweza kutuletea.

Tunayo na fosfati yetu wenyewe, Minjingu mkoani Manyara. Ni mwamba unaoyeyuka kwenye udongo mchachu na una kalsiamu ndani yake. Udongo unaoikamata DAP ndio huohuo unaoweza kuyeyusha Minjingu, ingawa polepole. Kwenye udongo usio mchachu haitoi chochote cha maana. Fosfati hiyo ikipelekwa kila mahali kwa kipimo kimoja, wapo watakaoisifu na wapo watakaoiita vumbi, na wote watakuwa wamesema kweli ya mashamba yao. Makete yenye pH 4.7 inafaa kuwa mahali pa kwanza pa kuijaribu kwa ngano, sambamba na chokaa ya Songwe, ili tujue ipi inamlipa mkulima.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kwamba bara lifikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Nchi zikaanza kujipima kwa kilo zilizotiwa. Mwezi wa tano mwaka 2024 walikutana tena, Nairobi, na safari hii mkutano uliitwa wa mbolea na afya ya udongo, vyote viwili. Tanzania imo katika Umoja wa Afrika ulioitisha mkutano huo. Ninachoomba ni hayo ya Nairobi yafike kwenye duka la pembejeo la kijijini.

Kwa TFRA ombi langu ni hili mahususi: chokaa ya kilimo iwepo kwenye duka lilelile, kwa namba ileile ya mkulima, kwa bei anayoiweza, kwa kila shamba lililopimwa likakutwa chini ya 5.5. Kwa Wizara: katika taarifa ya msimu, pamoja na idadi ya tani za mbolea zilizosambazwa, ielezwe ni mashamba mangapi yamepimwa na pH zao zikoje. Kwa maabara zote za udongo: majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yamfikie mkulima kabla ya kupanda, na yaseme afanye nini. Kwa Halmashauri yetu: tuitieni kikao na wenye malori kabla msimu wa viazi haujaanza.

Mimi sitasubiri mikono kifuani. Mwaka huu, baada ya kutoa viazi, nimetenga robo ekari ya juu, ile iliyo mbaya kuliko zote, ambayo mwaka jana ilinipa debe nne tu. Nitanunua chokaa Songwe kwa fedha yangu, mifuko sita, na nimeshazungumza na dereva anayekuja kuchukua viazi anipandishie. Nusu ya robo hiyo itapata chokaa na nusu haitapata. Mbegu itakuwa moja, DAP itakuwa ileile, Urea nitaigawa mara mbili pande zote. Mabua yatabaki shambani pande zote. Nitapanda mwezi wa pili mwakani, na nitaweka vigingi mpakani ili kila apitaye barabarani aone upande upi ni upi.

Mtumeni mtu aje kupima udongo wa pande zote mbili kabla sijatia chokaa, na arudi mwezi wa nane tupime magunia pamoja. Daftari nitampa alisome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa ngano na viazi, Makete